Picha Zetu Ziwafikie Wazee Wetu

Hotuba iliyotolewa ukumbini kwa niaba ya kamati ya kumbukumbu



Wenzetu wamekwisha kueleza historia ya jengo hili na waliochangia ujenzi wake. Sisi tumekabidhiwa jambo dogo zaidi: vipindi vya runinga vilivyoonyesha sherehe zetu za Diwali na Navaratri, ambavyo wengi wenu mmevirekodi nyumbani, vipate kutazamwa na wazee wetu.

Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, tumezoea kurekodi kwa kuchomeka flashi katika king'amuzi. Kinachobaki humo ni faili, wala si kanda kama zamani. Kijana huifungua katika kompyuta bila taabu. Mzee mwenye deki ya DVD na rimoti aliyoizoea hubaki na diski isiyofunguka, naye hudhani deki yake imekufa.

Deki haina kosa. Kunakili faili katika diski hakuifanyi kuwa DVD. Deki hutafuta folda iitwayo VIDEO_TS, yenye picha za mfumo wa MPEG-2 na faili ndogo za kuielekeza ianzie wapi na ifuate nini. Deki nyingi za zamani zisipoyakuta hayo hukataa diski.

Kazi yenyewe huenda kwa hatua. Kwanza, faili hunakiliwa mahali pawili kabla ya kuguswa. Pili, huchunguzwa. Ikiwa picha tayari ni MPEG-2 ya vipimo ambavyo deki hukubali, haina haja ya kugeuzwa upya, kwani kila kugeuza hupunguza ubora. Hufungwa tu katika umbo la DVD. Ikiwa ni ya mfumo mpya wa H.264, hapana budi kuigeuza: nukta 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, na sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde. Tatu, matangazo ya biashara hukatwa, na sehemu zilizovurugika kwa mvua au antena mbovu hutengenezwa, maana hapo ndipo sauti huanza kuachana na midomo. Programu ya ProjectX husaidia katika kutengeneza, na DVDStyler katika kupanga sura na menyu. Zote mbili hupatikana bila malipo.

Msibane saa nyingi katika diski moja. Diski ya kawaida hubeba GB 4.7, ambazo kompyuta nyingi huzionyesha kama 4.38 hivi kwa sababu ya namna yake ya kuhesabu. Hizo zatosha saa mbili za picha nzuri. Mkiweka saa tano, nyuso za wacheza garba zitakuwa ukungu mtupu. Kisha diski ichomwe kwa mwendo wa polepole, ifungwe rasmi, na ijaribiwe katika deki kuukuu tangu mwanzo hadi mwisho. Haraka haraka haina baraka.

Wenye jamaa ng'ambo wakumbuke hili: diski yetu ni ya mfumo wa PAL, ambao hutumika pia Uingereza. Kanada na Marekani hufuata NTSC, na deki nyingi za huko huikataa PAL. Diski ya huko itengenezwe mbali. Na picha zilizotoka runingani zina wenyewe: tuziweke kwa matumizi ya nyumbani, tusizifanye bidhaa dukani.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini diski ya kuchoma huharibika kwa jua, joto na mikwaruzo. Kwa hiyo faili ya asili isifutwe. Ihifadhiwe katika diski kuu mbili, nyumba mbili tofauti. DVD ni ya kutazama. Faili ndiyo akiba.

Lililo zito zaidi halihusu mashine. Sisi wafanyabiashara twajua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika picha hizo wamo wazee ambao leo hatunao. Wamo pia majirani zetu: mpiga ngoma, akina mama waliosaidia jikoni, mlinzi aliyekesha langoni siku zote tisa za Navaratri. Mtangazaji hakuwataja. Wanaoweza kuwataja wanapungua mwaka hadi mwaka, na uso usio na jina, baada ya kizazi kimoja, ni uso wa mgeni.

Basi tunaomba mambo mawili. Kila mwenye flashi ailete ofisini kwa kamati, tuinakili na kumrudishia. Na kila kijana atakayempelekea mzee diski asiiache mlangoni. Aketi naye, aisimamishe picha kila uso unapotokea, aulize, "Huyu ni nani?" na aandike: jina, mtaa, mwaka. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na faili.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na macho ya kuona.