Mwisho wa Njia Uwe na Kinga

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi



Sisi wa reli twajua kwamba njia inapofika mwisho lazima pawekwe kizuizi, kwa sababu breki zina siku ya kushindwa, na dereva naye ana siku ya kukosea. Leo tutasema habari za ndege, lakini shauri ni lile lile letu.

Tarehe 8 Desemba 2005, usiku wa theluji, ndege ilitua katika kiwanja cha Midway, mjini Chicago, Marekani. Marubani walichelewa kugeuza nguvu za injini ili zisaidie breki. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikavunja ua, ikaingia barabarani ikagonga motokaa. Mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya motokaa ile akafa.

Tarehe 19 Januari 2010, huko Charleston, West Virginia, ndege nyingine ilikuwa mbioni ili iruke. Marubani walikosea, nao wakafunga breki wakiwa wamechelewa. Kiwanja kile kiko juu mlimani, na mbele ya njia ni mteremko mkali. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikasimama. Watu 34 wakashuka, hata mmoja hakuumia.

Je, marubani wa Charleston walikuwa hodari zaidi? La. Tofauti ilikuwa chini ya magurudumu. Pale palitandikwa matofali ya simiti nyepesi, yenye matundu ya hewa ndani kama mkate. Ndege ikipanda juu yake yanasagika, magurudumu yanazama, na mwendo unakwisha, kama lori lililoingia mchangani. Tandiko la kwanza la namna hii liliwekwa mwaka 1996 katika kiwanja cha JFK, New York, na Mei 1999 likazuia ndege yenye watu 30. Midway halikuwako, na wachunguzi wa ajali waliandika jambo hilo miongoni mwa sababu. Likawekwa baadaye, mtoto amekwisha kuzikwa.

Ndugu zangu, ajali ikitokea huulizwa, "Nani amekosa?" Ni haki kuuliza. Lakini sisi wa chama tuulize na la pili: "Kiliwekwa nini kwa ajili ya siku ya kosa?"

Basi kila mmoja wetu akatazame mwisho wa njia mahali pake pa kazi. Akiona kizuizi kimeoza, au hakipo, ampashe habari katibu wa tawi, na iandikwe. Tusingoje maziko.