Dudumizi, Kekeo Anayelea Mwenyewe

Msikilizaji, ukisikia alfajiri sauti nzito ikitoka kichakani, "du-du-du-du", ikishuka mfululizo kama maji yanayomiminwa mtungini, huyo ni dudumizi. Wengine humwita tipitipi. Ana urefu wa sentimita 40 hivi, mabawa ya hudhurungi, mkia mrefu mweusi, na jicho jekundu kabisa lenye mstari mweupe juu yake. Jike ni mkubwa kuliko dume.

Kuruka si kazi yake. Hujitupa kutoka kichaka hiki hadi kile, kisha hutembea chini akisaka panzi, vyura, mijusi, panya, hata makinda ya ndege wengine.

Yumo katika jamaa ya kekeo, na wengi wetu tunajua kekeo hutaga katika viota vya wenzao. Dudumizi hafanyi hivyo! Hujenga tundu lake la majani makavu, lenye paa na mlango ubavuni, na wazazi wote wawili hulea.

Wakulima husema akiita, mvua i karibu. Kweli huita sana masika, maana ndipo anapozaliana. Basi ukifyeka majani marefu msimu huo, chungulia kwanza ndani.