Ushirika wa Mtaa Mbele ya Duka Kubwa



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kikapu cha chakula. Katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, askari aliyepokea mshahara wake ana mahali pawili pa kuupeleka. Kwanza ni ushirika wa mtaa. Wakulima na kina mama wachache huchanga hisa, wakakodi chumba Majengo au Mbugangari, wakanunua viazi, vitunguu, karoti na kabeji za mashamba yetu yenye udongo wa volkano, pamoja na sambaza wa Ziwa Kivu, kisha wakawauzia jirani zao. Pili ni duka kubwa la kujihudumia, liitwalo supamaketi, ambalo ni tawi moja tu la kampuni yenye matawi mengi. Duka la namna hiyo lifunguapo milango yake, ushirika mdogo hauna budi kujibu swali moja: mnunuzi aje kwenu kwa sababu gani?

Tusilitukane duka kubwa. Bei zake zimeandikwa, risiti hutolewa, na mtoto akitumwa hapunjwi. Linanunua kwa malori, kwa hiyo linapata bei nafuu. Tena mara nyingi humlipa aliyeliletea bidhaa baada ya mwezi au zaidi, ilhali mnunuzi amekwisha kulipa fedha taslimu. Hiyo ndiyo nguvu yake. Lakini hapo hapo pana udhaifu wake. Kampuni ya Nakumatt ya Kenya ilifungua duka Kigali mwaka 2008, na wengi walidhani imekuja kukaa daima. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2018, ikiwa imelemewa na madeni ya mabilioni ya shilingi, iliwekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama ya Kenya. Kampuni ya Uchumi nayo ilifunga maduka yake ya Uganda na Tanzania mwaka 2015. Waliolia zaidi ni wale waliopeleka bidhaa wakingoja kulipwa. Duka lililoamuliwa mbali hufungwa vilevile kwa uamuzi wa mbali.

Je, hiyo ina maana kwamba ushirika ni salama kwa kuwa tu ni ushirika? La, hasha! Nchi yetu ina somo lake. Mwaka 1956, huko Kabgayi, ulianzishwa ushirika wa Trafipro, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya kazi, uaminifu na maendeleo. Ulinunua kahawa ya wakulima na kuwauzia bidhaa za nyumbani kwa maduka yaliyoenea nchini. Kuanzia mwaka 1963 ulipata fedha na wataalamu kutoka Uswisi. Wafanyabiashara binafsi waliupinga, kwa maana wakati huo ushirika wenyewe ndio uliokuwa duka kubwa. Hata hivyo ulidhoofika, na katika miaka ya 1980 ukazimika. Ushirika unaosimama kwa mkongojo wa mgeni, huku mwanachama wa kijijini akiwa mbali na maamuzi, huanguka siku mkongojo unapoondolewa.

Basi ushirika husimama kwa nini? Wafanyakazi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, walishika mambo machache: mizani ya kweli, chakula kisichochanganywa na uchafu, faida kugawanywa kwa kadiri ya manunuzi, na kuuza kwa fedha taslimu. Hawakukopesha. Waliona kwamba deni ndilo mchwa wa duka dogo.

Hapo, ndugu askari, ndipo mazungumzo haya yanapowagusa ninyi. Mwenye mshahara ndiye mteja anayetafutwa na kila muuzaji. Katika duka kubwa askari hulipa kabla ya kutoka, wala hafikirii kuomba subira. Lakini kwa kina mama wa ushirika wako wanaosema, "Andika daftarini, mwisho wa mwezi nitalipa." Mwezi huisha, uhamisho hufika, askari huondoka na mizigo yake, na jina lake hubaki daftarini. Mama yule atamdai nani? Tena ni vigumu kumkatalia mtu aliyevaa sare. Aombaye mkopo akiwa na sare mwilini, hata akisema kwa upole, ombi lake lina uzito wa amri.

Ninyi wenyewe mnaujua ushirika. Zigama CSS, iliyoanzishwa mwaka 1997, ni chama chenu cha akiba na mikopo, na kimekua kwa sababu mkopo hulipwa. Kule deni hukatwa katika mshahara. Kwa mama wa Mbugangari hakuna makato; kuna daftari na uaminifu wako tu.

Nanyi viongozi wa vyama, msijifiche nyuma ya neno "ushirika". Mizani iwe sawa, hesabu zisomwe mbele ya wanachama, na atakayekula fedha za wenzake afikishwe panapostahili. Mtu hatavuka barabara kununua kitunguu kilichooza eti kwa ajili ya udugu.

Tukumbuke pia Machi 2020, mpaka wa Goma ulipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Wanawake waliozoea kuvusha mboga zao pale Petite Barrière walipoteza soko lao kwa siku moja. Wakati kama huo, mji wenye ushirika imara unaweza kununua mazao ya wakulima wake na kujilisha. Mji unaotegemea lori moja kutoka Kigali, mwendo wa kilomita zipatazo 150, hungoja lori.

Hatusemi duka kubwa lifungiwe njia. Nunua humo sabuni na mafuta ukipenda. Lakini viazi vya Rubavu vinunue kwa aliyevilima, na ulipe siku ile ile. Na kama jina lako limo katika daftari la mama fulani, kesho kabla ya zamu, nenda ukalifute.