Ngoja Kidogo, Mwanangu

Somo letu latoka katika Waraka kwa Warumi, mlango wa 16, mstari wa 1 na wa 2.

Hapo Paulo anamtambulisha Fibi kwa Wakristo wa Rumi. Fibi alitoka kanisa la Kenkrea, bandari iliyo karibu na Korintho. Paulo anataka wampokee kwa heshima na kumsaidia kwa kila atakalohitaji, kwa maana naye amewasaidia wengi. Tena anamwita mhudumu wa kanisa. Neno hilo ndilo alilojitwalia Paulo mwenyewe, pamoja na Apolo, katika 1 Wakorintho 3:5. Hakumtafutia Fibi neno dogo zaidi kwa kuwa ni mwanamke.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja alinijia pamoja na binti yake. Msichana alitaka kwenda chuo cha theolojia. "Kasisi, mweleze," mzee akasema, "kazi ya madhabahuni ni ya wanaume."

Mimi nilikuwa nimeusoma waraka huu chuoni, na habari za Fibi nilizijua. Lakini yule mzee alikuwa mweka hazina wa parishi, nasi tulikuwa tukiezeka kanisa. Nikamwambia binti, "Ngoja kidogo, mwanangu. Fundisha shule ya Jumapili kwanza." Akajibu, "Asante, Kasisi." Alingoja miaka minne, wala sikumwita.

Ndugu yangu, sikuuzuia wito wake kwa ajili ya Maandiko. Niliuzuia kwa ajili ya mabati.

Lakini Mungu hazuiliki. Mwaka 1944, wakati wa vita, Florence Li Tim-Oi aliwekewa mikono kuwa kasisi huko China, ili Wakristo wa Macau wasikose Meza ya Bwana. Hapa Kenya, Askofu Henry Okullu alimwekea mikono Lucia Okuthe mwaka 1983. Na mwaka 2021 Rose Okeno aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Butere, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi katika Kanisa letu la Kianglikana nchini.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani kwa yule mzee. Nikamwomba binti msamaha mbele ya baba yake. Mzee akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akaniuliza, "Karo ya chuo ni kiasi gani?"

Msikilizaji, Paulo hakuandika ili Warumi wamjadili Fibi, bali wampokee. Je, ni nani uliyemwambia angoje? Ni binti yako, ni mke wako, au ni mama fulani wa kanisani kwenu? Nenda kwake leo.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe tuliosimama mlangoni na kuwazuia uliowaita. Utupe moyo wa kuwapokea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.