Kuazima Kibali cha Hifadhi Katika Maktaba

Ndugu wanafunzi, shikeni madaftari na kalamu, mkae karibu na redio. Leo tutajifunza juu ya neno moja dogo ambalo sote twalipenda. Neno lenyewe ni "bure". Tutaona lina maana gani likiandikwa katika maktaba, na kwa nini anayejua kusoma hufaidika nalo kuliko asiyejua.

Mmezoea kuiona maktaba kuwa nyumba ya vitabu. Mtu huandikisha jina lake, hupewa kadi, huazima kitabu, hukisoma, kisha hukirudisha. Lakini katika nchi nyingine maktaba huazimisha na vitu visivyo vitabu. Mfano wetu leo ni California, jimbo la Marekani lililo kando ya bahari ya Pasifiki, ambako wamehamia hata watu wasemao Kiswahili.

Jimbo hilo lina hifadhi nyingi: misitu, milima na pwani zilizotengwa ili zisiharibiwe na watu wapate kuzitembelea. Moja yao huitwa Humboldt Redwoods. Humo mna miti mirefu mno, mingine yapita mita 100 kwenda juu. Hifadhi hizi ni mali ya watu wote. Lakini katika nyingi, mwenye motokaa hulipa ada mlangoni kwa kila siku anayoingia. Kwa mwenye mshahara mkubwa, ada hiyo si kitu. Lakini mfikirie mama mwenye watoto wanne, alipwaye kwa saa. Petroli yataka fedha, chakula chataka fedha, na ada nayo imemngoja mlangoni. Mama huyo atabaki nyumbani, na watoto wake watakua bila kuiona mali iliyo yao.

Basi mwaka 2022 serikali ya California ilitafuta njia. Iliamua kugawa vibali vya kuingilia hifadhi katika maktaba za umma za jimbo zima, ili mwenye kadi ya maktaba aazime kibali kama aazimavyo kitabu. Kibali chenyewe kilitengenezwa ili kitundikwe katika kioo cha mbele ndani ya motokaa, mlinzi apate kukiona. Kiliruhusu motokaa moja yenye nafasi ya watu 9 au pungufu, au pikipiki moja. Nacho kilikubaliwa katika hifadhi za jimbo zaidi ya 200. Jimbo la Colorado nalo limekuwa na mpango wa namna hiyo. Huko msomaji huazimishwa mfuko wa mgongoni wenye kibali, darubini na vitabu vya kumsaidia kutambua wanyama.

Sasa, ndugu mwanafunzi, sikiliza vizuri. Kibali hicho kina masharti, nayo yameandikwa. Asiyeyasoma huenda akasafiri safari ndefu kisha akarudishwa mlangoni. Tuyatazame matatu.

La kwanza ni neno "jimbo". Kibali ni cha hifadhi za jimbo tu. Yosemite, yenye maporomoko makubwa ya maji, iko ndani ya California, lakini ni hifadhi ya taifa, chini ya serikali kuu ya Marekani. Bonde la Yosemite lilikabidhiwa jimbo mwaka 1864, kisha mwaka 1906 likarudishwa kwa serikali kuu. Kwa hiyo kibali cha jimbo hakifungui mlango wa Yosemite. Tofauti yote imo katika neno moja.

La pili ni neno "kuingia". Kibali hulipia motokaa kuingia mchana. Hakilipii kulala katika hema, wala kutumia mashua, wala kutembezwa na kiongozi mahali ambapo kila mtu hulipa kwa kichwa.

La tatu ni "tarehe ya kurudisha". Kila maktaba hupanga siku zake na faini zake. Kabla ya kuondoka, soma tarehe, uiandike mahali utakapoiona. Kama hukuelewa, muulize mkutubi, yaani mtunza maktaba. Kuuliza ni kazi yako, na kujibu ni kazi yake.

Turudi sasa kwenye neno "bure". Je, kibali hiki hakilipiwi na mtu? Hulipiwa. Fedha yake hutoka katika hazina ya serikali, na hazina hujazwa na kodi za watu. Mwanzoni mwa mwaka 2024, bajeti iliyopendekezwa na gavana wa California ilitaka kukomesha fedha za mpango huo. Wapenzi wa maktaba na wa hifadhi walipaza sauti kuutetea. Hapo tunaona kwamba kitu cha bure chaweza kuondolewa kwa mstari mmoja wa bajeti. Ndiyo sababu mwenye kukitaka humwuliza mkutubi kwanza: "Je, kibali bado kipo?"

Tena iko hatari nyingine, nayo imo mikononi mwetu wenyewe. Vibali katika maktaba ni vichache, na wanaovitaka ni wengi. Ukichelewesha kibali wiki moja, hukumwibia gavana. Umemzuia yule mama mwenye watoto wanne, aliyeandika jina lake na kungoja Jumamosi yake. Kitu cha umma huitwa hivyo kwa sababu baada yangu uko wewe, na baada yako yuko mwingine.

Basi, ndugu zangu, bure ya maktaba ni amana. Waliokulipia wanakutazamia usome masharti, utumie vizuri, urudishe kwa siku yake. Mkijua kusoma mistari mitatu ya kibali, mwaweza kusoma na stakabadhi, mkataba wa shamba na cheti cha dawa.

Kazi ya darasa:

1. Andika maneno haya na maana yake: kibali, ada, sharti, amana.
2. Kwa nini kibali cha jimbo hakifai Yosemite?
3. Taja kitu kimoja cha umma katika kijiji au mtaa wenu. Ni nani hukilipia? Ni nani hukosa, mwingine akikichelewesha au akikiharibu?

Jadilianeni na mwalimu wenu. Kwaherini.