Treni ya Mbio na Habari Nzito

Masomo: 2 Samweli 18:19–33 na Yohana 11:17–44



Wengi mmetuuliza habari za China, tangu kanisa lilipotutuma sisi wawili kule kununua vyombo vya redio. Leo hatutasema habari za bei wala za magorofa. Tutaeleza siku moja tu, siku tuliyopanda treni ya mbio toka Guangzhou mpaka Beijing. Siku ile Mungu alitufundisha jambo, na tulijifunza kwa haya.

Guangzhou ni mji wa kusini mwa China. Wafanyabiashara wetu wanaujua vizuri. Katika mtaa wa Xiaobei unaweza kusikia Lingala na Kiswahili njiani kama uko nyumbani. Mbele ya kuondoka Lubumbashi, mzee mmoja wa kanisa alikuwa ametupatia koti zito la baridi, la mtoto wake anayesoma Beijing. Alituambia: "Kule kuna baridi kali, na huyu mtoto akikosa kitu hasemi." Tulipaswa kulituma kwa posta tukifika Guangzhou. Tulichelewa. Koti likabaki ndani ya chumba chetu.

Siku ya nne telefone ililia saa kumi na moja ya alfajiri. Kwetu Lubumbashi ilikuwa saa tano ya usiku, maana China inatutangulia kwa saa sita. Alikuwa mke wa yule mzee. Mzee alikuwa amefariki jioni ile, bila kuugua siku nyingi. Mama alilia, kisha akasema: "Wababa, ninawaomba kitu kimoja. Mtoto asisikie neno hili ndani ya telefone. Kule yuko peke yake, hana hata shangazi. Mwende mpaka kwake. Mmwambie mkiwa mmemshika mkono."

Tuliitika. Ni nani angekataa? Tukamwita kijana, tukamwambia tu kwamba tunakuja kumsalimia siku ileile, na tunamletea koti la baba yake. Alifurahi sana. Alisema atatungoja kwenye gare.

Gare ya kusini ya Guangzhou ni kubwa kama kiwanja cha ndege. Mizigo inapita ndani ya mashini. Jina lako na namba ya pasipoti yako vinapaswa kuwa sawa na vile vilivyoandikwa kwa ajili ya tikiti. Huwezi kusafiri na jina la mwingine. Mlango wa kwenda kwenye treni unafungwa dakika chache mbele ya saa ya kuondoka, na ukiisha kufungwa, hata ukilia haufunguliwi. Saa nne kamili treni iliondoka, polepole kama mtumbwi unaoachana na ukingo.

Sisi watu wa Katanga tunajua treni. Tunajua ile ya kwenda Kindu, ambamo mtu huaga jamaa yake bila kujua ni siku gani atafika. Anabeba sufuria, makala na godoro. Ile ya China ni kitu kingine. Njia hiyo ya toka Guangzhou mpaka Beijing ilifunguliwa yote tarehe 26 Desemba 2012, nayo ina kilomita 2298. Huo ni umbali unaopita ule ambao ndege inaruka toka Lubumbashi mpaka Kinshasa. Zamani treni ya kawaida ilitumia zaidi ya saa 20. Ile yetu ilitumia saa nane hivi.

Inakimbia kwa nguvu ya umeme unaotoka kwenye nyaya za juu. Mahali pengi reli zake zimewekwa juu ya madaraja marefu, na milima imetobolewa ili njia isizunguke. Hakuna barabara inayoikatiza, wala mbuzi, wala pikipiki. Vyuma vya reli vimeunganishwa kwa moto hata husikii ule mlio wa tak-tak tuliouzoea. Juu ya mlango kuna maandishi ya taa yanayoonyesha mwendo. Tulisoma kilomita 300 kwa saa, kisha 305. Kikombe cha chai kilikaa juu ya meza bila kumwagika.

Wasafiri wengine walikuwa na furaha. Walichota maji ya moto kwenye bomba lililo mwisho wa behewa, wakatengeneza chai na tambi zao. Watoto walipiga picha. Lakini sisi tulikuwa tunaomba, na tutawaambia tuliomba nini. Tuliomba treni ichelewe. Tulisema, "Bwana, hata saa mbili tu." Tangu tuokoke tumeomba kufika salama katika kila safari, siku ile kwa mara ya kwanza tuliomba kutofika.

Treni haikuchelewa hata dakika. Tulipita milima ya kaskazini mwa Guangdong, gizani na nuruni, gizani na nuruni. Tukafika Changsha. Mashamba ya mpunga yalirudi nyuma upesi hata jicho lilishindwa kushika nyumba moja. Mmoja wetu alifungua mfuko, akaliona lile koti, akaanza kutoa machozi. Mama mmoja Mchina aliyekaa upande wa pili wa kipito alimwona. Hakujua neno la lugha yetu, wala sisi la lugha yake. Alisimama, akampa karatasi za kupangusa uso, akakaa tena karibu, akituangalia kwa huruma. Hakuuliza kitu. Shikeni habari ya mama huyo, tutairudia.

Mbele ya saa nane tulifika Wuhan, tukavuka mto Yangtze, mto mkubwa ambao meli zinapanda na kushuka ndani yake. Mpaka hapo kijana alikuwa anatuandikia kila mara kwenye telefone: "Wababa, mmefika wapi? Mmekula?" Kisha akanyamaza. Tuliandika, hakujibu. Tukasema, "Afadhali. Bila shaka yuko darasani." Na kusema kweli tulifurahi, maana kila neno lake lilitupiga moyoni.

Tukapita Zhengzhou, tukavuka ule mto wanaouita Huang He, yaani Mto wa Manjano. Sasa ilikuwa nchi tambarare ya ngano, na jua lilikuwa linashuka. Ndipo tukaanza kupanga maneno. Nani aseme? Tuanze na maombi ama na chakula? Huyu alimsukuma yule, yule akamsukuma huyu, kama watoto waliovunja chungu. Tulikuwa na saa nane nzima, na tulifika Beijing bila kukubaliana.

Kijana alikuwa anatungoja nje ya mlango wa gare ya magharibi. Baridi ilikuwa kali, naye alivaa sweta nyepesi. Alitukumbatia, akachukua mizigo yetu. Kisha akatuangalia usoni, akauliza kwa sauti ndogo: "Wababa, baba yangu hajambo?"

Hapo, ndugu zetu, sisi watumishi wa Mungu, sisi tunaosimama mbele ya mikrofone hii kila asubuhi, tulijibu: "Tuliacha nyumbani kuna matata kidogo. Twende kwanza, tutaongea."

Akaweka mizigo chini. Akasema: "Ninajua tangu saa nane. Mtu aliweka picha ya baba katika kikundi cha vijana, pamoja na mshumaa. Nilikuwa ninawangoja ninyi. Nilitaka kusikia kutoka kwenu kama ni kweli."

Saa nane ya Beijing ni saa mbili ya asubuhi kwetu. Watu wa Lubumbashi walikuwa ndipo wanaamka. Sisi tulikuwa tumevuka Yangtze tu. Treni ya kilomita 300 kwa saa ilishindwa na kidole kimoja cha mkono. Lakini hata baada ya kidole kile kuharibu, Mungu alikuwa ametuachia kazi moja, kusema neno la kweli kwa mtoto aliyelingoja. Na neno lile hatukulisema.

Fungueni Biblia zenu katika 2 Samweli 18. Vita imekwisha, Absalomu amekufa, na Daudi anangoja langoni. Ahimaasi mwana wa Sadoki anataka kukimbia kupeleka habari. Yoabu anamkataza, anamweleza wazi kwamba mwana wa mfalme amekufa, na anamtuma Mkushi. Ahimaasi anasihi mpaka anaachiliwa. Anapita njia ya bondeni, anakimbia kweli, anampita Mkushi, anafika wa kwanza. Anatangaza ushindi. Mfalme anamuuliza jambo moja tu, kama yule kijana yuko salama. Na Ahimaasi, aliyejua yote, anajibu kwamba aliona watu wengi wakihangaika lakini hakujua ni nini. Mfalme anamwambia asimame kando. Alikimbia mbio zote zile ili asimame kando.

Sisi ndio Ahimaasi. Tulifika na treni ya mbio sana, tukasema tuliona matata kidogo.

Lakini aliyeweka picha naye ni Ahimaasi wa namna nyingine. Huyu alikuwa na habari ya kweli, ila hakutumwa. Tuliporudi tulimjua, ni dada yetu wa kanisa, na alitaka watu waombe tu. Hakuwa na moyo mbaya. Alipoelewa kwamba mtoto alimwona baba yake ndani ya mshumaa, akiwa peke yake katika chumba cha ugenini, alikwenda kwa yule mama mjane, akapiga magoti, akaomba msamaha. Mama akamsamehe. Na sisi pia tulikwenda kwa mama, tukaungama yale tuliyosema kwenye gare, maana dada huyu alikosa kwa haraka, na sisi tulikosa kwa woga.

Wazee wetu walijua jambo hili. Habari ya kifo ina mwenyewe. Anachaguliwa mtu, anafika, anaomba maji ya kunywa, anamkalisha mtu chini, ndipo anasema, na akiisha kusema haondoki. Leo tunashindana nani atakuwa wa kwanza. Maiti haijafika hata morgue, picha imezunguka mpaka Ulaya. Mpendwa, mbele ya kugusa telefone yako jiulize: nimetumwa na nani? Je, mke wake anajua? Watoto wanajua? Kama hujui, weka telefone chini na upige magoti. Mungu anasikia maombi yasiyo na picha.

Na wewe uliyetumwa kweli, usikimbie neno. Labda daktari amekuambia ugonjwa wa ndugu yako. Labda pesa ya familia imepotea mkononi mwako. Unasema kila siku, "Tutaongea, tutaongea." Anayekungoja anakusoma usoni. Ukinyamaza, unamwacha abebe peke yake kitu ambacho mngebeba wawili.

Sasa mtazameni Yesu katika Yohana 11. Alipewa habari kwamba Lazaro ni mgonjwa. Hakukimbia. Alikaa siku mbili zaidi mahali alipokuwa, na alipofika Bethania, Lazaro alikuwa ameisha kaa kaburini siku nne. Kwa hesabu ya mbio zetu, alichelewa. Lakini alifika mwenyewe. Martha akamlaumu, naye hakumfukuza. Wanafunzi walipokosa kuelewa, hakuficha. Aliwaambia wazi kwamba Lazaro amekufa. Alipomwona Mariamu akilia, alilia naye. Na mbele ya kaburi alisema neno lenye uzima. Alikuwepo, alisema kweli, alilia. Yule mama wa treni, ambaye hatujui hata jina lake, alifanya sehemu ya kazi hiyo kwa karatasi chache tu. Na sisi tulio na Roho Mtakatifu tufanye nini?

Jioni ile kwenye gare, tuliomba msamaha kwa kijana. Tukamshika mikono, mmoja huku, mmoja huku, tukamwambia neno lote: baba amelala, saa fulani, mama alikuwa karibu naye, naye hakuteseka siku nyingi. Alilia hapo katikati ya watu wanaopita na mizigo. Tulilia naye. Kisha tukatoa lile koti. Alilivaa palepale, akafunga vifungo vyote, akasema, "Baba alijua ninadanganya juu ya baridi." Tulikaa naye siku tatu.

Kwa hiyo redio yenu imekata shauri. Komunike ya kifo haitasomwa hapa mpaka mkubwa wa familia afike mwenyewe ama amtume mtu tunayemjua, na aseme kwamba watoto wote wameisha kuambiwa. Tukisoma baada ya redio zingine, mtusamehe. Hatutaki kushinda mbio hizo.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyekuja kwetu mwenyewe, tusamehe haraka yetu na woga wetu. Uwe karibu na kila mtoto wetu aliye mbali usiku huu. Tupe kinywa cha kusema kweli, na mkono wa kushika mkono wa mwingine. Katika jina lako. Amina.