Hotuba kwa Walimu Wakuu juu ya Ukaguzi wa Kusoma

 

Mmeniamuru niseme machache juu ya jambo liwakoseshalo usingizi walimu wakuu, nayo ni siku ajapo Mkaguzi kutazama jinsi watoto wa darasa la kwanza na la pili wafundishwavyo kusoma.

Katika mwaka 1862 Serikali ya Uingereza ilitoa kanuni kwamba fedha za shule zifuate kufaulu kwa watoto mbele ya Mkaguzi. Mtoto mmoja akishindwa kusoma, shule hukatwa shilingi 2 na peni 8. Akishindwa kuandika au hesabu, vivyo hivyo. Basi walimu wakawakaririsha watoto kitabu kizima, hata ikasimuliwa kwamba wengine walikisoma pasipo kosa hali wamekishika juu chini. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa Mkaguzi tangu 1851 hata 1886, aliupinga sana mpango ule, nao ukaondolewa kidogo kidogo katika miaka ya 1890.

Msicheke, ndugu zangu. Nami nilipokuwa mwalimu mkuu niliwaambia watoto sita walio dhaifu wabaki nyumbani siku ya ukaguzi. Mkaguzi aliisifu shule, nasi tukanywa chai kwa furaha. Mmoja wa wale sita leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Kila apatapo barua huniletea nimsomee, naye hunishukuru kwa heshima nyingi, asijue ni nani aliyemficha.

Waingereza wa leo wamejaribu kuufunga mlango ule. Tangu 2012 mtoto wa mwaka wa kwanza husomeshwa maneno 40 mbele ya mwalimu wake, na nusu yake ni maneno yasiyo na maana yo yote. Wako waliolalamika kwamba ni upuuzi kumsomesha mtoto neno lisilokuwako. Lakini neno hilo haliwezi kukaririwa, hapana budi litamkwe kwa sauti za herufi zake. Wazee wetu wa chuoni walilijua jambo hili zamani. Mtoto aweza kuisoma Sura yote kwa moyo, lakini mwalimu akimwekea kidole katikati ya ukurasa asioujua, hunyamaza. Ndiyo maana alirudishwa kwenye herufi na irabu zake.

Tena, kwa mwongozo uliotolewa na idara yao ya ukaguzi, Ofsted, katika 2019, wakaguzi waliokwenda shule za msingi walitaka kuwasikia wakisoma wale walio nyuma hasa. Kisha walimwuliza mwalimu mkuu: Huyu amekwama wapi? Nani anamsaidia, na kwa saa ngapi? Je, kitabu alichopewa kina herufi alizokwisha kufundishwa, au amepewa tu kwa kuwa kina picha nzuri?

Basi maswali hayo, walimu wenzangu, yafaa mjiulize wenyewe kabla hajaja mgeni. Hapa Uganda, kwa mtaala ulioanza 2007, mtoto husoma kwa lugha ya kwao hata darasa la tatu, kisha huingia Kiingereza katika la nne. Asiyeshika herufi kwa lugha ya mama yake atazishikaje kwa lugha ya ugenini, ambayo herufi zake hazitulii mahali pamoja? Nanyi mwampa nani darasa la kwanza? Aghalabu mwalimu mgeni kabisa, kwa kuwa wakongwe wote wanataka darasa la mtihani. Hili nalilaumu waziwazi.

Najua mtaniambia darasa lina watoto 90. Ni kweli, wala mwalimu hawezi kuwasikia wote kila siku. Lakini kumi walio dhaifu aweza, dakika mbili mbili, na mwalimu mkuu mwenyewe aweza kumpokea watatu. Andikeni majina yao katika daftari, na tarehe, na herufi iliyowashinda. Mkaguzi akija, mpeni daftari hilo kabla ya chai.

Jumatatu ijayo, inshallah, nitaanza kuzuru, nikianza na shule iliyo karibu na msikiti. Mwalimu mkuu wake amekwisha kuniahidi kwamba watakaoletwa mbele yangu ni wale wa mkiani.

Wassalaam.